Protini ni umbo: kutoka ute wa yai hadi unga wa muhogo

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mbele ya walimu wa sayansi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazazi na wanafunzi. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, mama zangu na baba zangu, wahudumu wetu wa afya, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma. Wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba. Assalaam alaykum. Bwana asifiwe.

Kabla ya yote, geuzeni shingo mtazame nje, upande wa mwembe. Pana mkeka, na juu ya mkeka pana unga wa muhogo uliolowanishwa. Akina mama waliuanika saa tatu na nusu, wakati mwenyekiti anatambulisha wageni. Naomba mtu asiukanyage na kuku asiusogelee. Tutaurudia.

Sasa niwaulize. Protini ni nini?

Nimesikia: "Chakula cha kujenga mwili." Ahsante. Ndivyo tulivyoimbishwa sote shuleni: wanga unatia nguvu, protini inajenga mwili, vitamini zinalinda. Si uongo. Lakini ni kama kumwuliza mtu bandari ya Mtwara ni nini, naye akajibu: saruji. Saruji ipo, hatukatai. Je, winchi? Je, makuli? Je, karani anayehesabu magunia ya korosho, na mlinzi anayekuuliza kitambulisho getini? Katika mwili wako saruji ni protini, winchi ni protini, kuli ni protini, karani ni protini, na mlinzi naye ni protini.

Jina lenyewe lilichapishwa mwaka 1838 na Mholanzi Gerardus Johannes Mulder, kwa ushauri wa Mswidi Jöns Jacob Berzelius. Walilitoa kwenye Kigiriki, likiwa na maana ya kilicho cha kwanza. Mulder alidhani protini zote zimejengwa juu ya kitu kimoja cha msingi. Hapo alikosea: mwilini mwako ziko za maelfu ya aina, na kila moja ina kazi yake. Lakini jina lilikuwa zuri, likabaki.

Leo nina neno moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: umbo ndilo kazi. Protini inafanya kazi kwa umbo lake. Umbo likiwapo, kazi ipo. Umbo likivurugika, kazi imekwisha, hata kama hakuna kilichopungua ndani yake. Tuko pamoja?

Tuanze na herufi. Kiswahili tunakiandika kwa herufi 24. Protini za viumbe hai, za binadamu, za mbaazi, za pweza, za mbu anayetuletea malaria, karibu zote zimeandikwa kwa herufi 20 zile zile. Herufi hizo zinaitwa asidi amino. Moja hushikana na nyingine kwa kifungo cha peptidi, na kila kifungo kinapofungwa, molekuli moja ya maji hutoka. Insulini ina asidi amino 51. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ina 574, katika minyororo minne. Kati ya zile 20, tisa mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza. Lazima ziingie kwa mdomo. Katika hizo tisa shikeni mbili: lisini na methionini. Tutakutana nazo jikoni.

Mpangilio wa herufi una uzito gani? Sikilizeni. "Baba amekula." "Baba amekufa." Zimebadilika herufi ngapi? Moja. Nenda kawaambie majirani ile ya pili, uone kama ni jambo dogo.

Mwaka 1910 daktari wa Chicago aitwaye James Herrick alichapisha habari za kijana aliyetoka kisiwa cha Grenada. Damu yake ilikuwa pungufu, na chini ya hadubini chembe nyekundu hazikuwa duara. Zilijipinda kama mundu. Sisi tunauita ugonjwa huo selimundu, na ukanda wetu wa pwani unaujua vizuri. Miaka 39 ikapita. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake wakaonesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa, ikipitishiwa umeme, haitembei sawa na ya wengine. Kufikia mwaka 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, alikuwa amepata herufi yenyewe. Katika mnyororo wa beta, wenye asidi amino 146, ile ya sita inapaswa kuwa asidi glutamiki. Kwa mgonjwa ni valini. Herufi moja!

Kwa nini moja itese watoto kiasi hiki? Asidi glutamiki inapenda maji, kwa hiyo inakaa juu ya himoglobini bila tabu. Valini inayakimbia maji, kama mafuta. Himoglobini ikishaachia oksijeni, ile valini hutafuta pa kujificha, ikajibandika kwenye himoglobini jirani. Jirani naye akabandika mwingine. Mwisho zimekuwa nyuzi ndefu ngumu zinazosukuma chembe kutoka ndani mpaka ijipinde, na chembe iliyojipinda haipiti kwenye mishipa myembamba. Hapo ndipo maumivu. Ndiyo maana mtoto mwenye selimundu anatakiwa anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na homa yake isisubiriwe mpaka kesho. Wahudumu wa afya, mtoto wa miezi sita na kuendelea anayevimba vidole vya mikono na miguu na kulia akiguswa, mpelekeni akapimwe. Kwa nini miezi sita? Kwa sababu anazaliwa na himoglobini nyingine, ya tumboni, isiyo na mnyororo huu wa beta. Ile ikiisha ndipo mbaya inaposhika zamu.

Na wazazi, acheni ile hesabu ya "wa kwanza ameugua, basi watatu wanaofuata salama". Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kimelea kimoja kimoja cha urithi huo, kila mimba ni kura mpya: moja kwa nne. Kura haina kumbukumbu.

Nimesema "kimelea"? Nisahihishe kabla walimu hawajanisahihisha: ni jeni. Kimelea ni cha malaria. Ulimi umeteleza kwa sababu mawili haya ni majirani: mwenye jeni moja tu ya selimundu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, na ndiyo sababu jeni hii imedumu penye mbu.

Tuje kwenye umbo. Mnyororo ukishaandikwa hauachwi umenyooka kama mshipi wa kuvulia. Mama zangu wa Mikindani na Msangamkuu wanaosuka wataelewa haraka kuliko mtu yeyote humu. Una miyaa imepangwa, nyeupe, nyekundu, nyeupe: huo ndio mpangilio wa asidi amino, ngazi ya kwanza. Ukiisuka unapata ukili: ngazi ya pili, ambapo mnyororo hujisokota kama springi au hulala kwa mikunjo. Ukili ukishonwa ukawa kikapu, hiyo ngazi ya tatu, umbo kamili lenye ndani na nje. Vikapu vinne vikifungwa pamoja vifanye kazi moja, ngazi ya nne. Himoglobini ni hivyo vikapu vinne. Si kila protini inafika ya nne. Nyingi huishia ya tatu na zinafanya kazi vizuri tu.

Je, kikapu kikifumuka? Miyaa yote ipo. Haikupungua hata mmoja. Lakini jaribu kubebea dagaa.

Hilo mnaliona kila asubuhi mnapokaanga yai. Ute mbichi ni maji kwa sehemu tisa katika kumi. Sehemu moja ni protini, zimekunjwa vizuri, zinaelea, mwanga unapita, ndiyo maana unaona hadi chini ya bakuli. Joto likikaribia nyuzi 62 zinaanza kufumuka. Zikishafumuka zinanasana ovyo, zinashika maji katikati, ute unakuwa mweupe na mgumu. Ukiondoa kikaango motoni yai linarudi kuwa bichi? Halirudi. Ndimu nayo hufanya hivyo hivyo bila moto: samaki mbichi ukimkamulia ndimu anageuka mweupe kama aliyechemshwa. Angalizo hapa: protini yake imefumuka, lakini vijidudu na minyoo haikufa yote. Weupe si kuiva.

Umbo ndilo kazi. Basi hata kuyapanga makundi, tunaanza na umbo.

Kundi la kwanza ni protini za nyuzi: ndefu, ngumu, haziyeyuki majini. Kolajeni ni kamba tatu zilizosokotwa pamoja. Iko kwenye ngozi, kano, mifupa, na ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Keratini iko kwenye nywele, kucha na pembe. Pweza wa pale feri amejaa kolajeni. Ukimchemsha dakika 20 kolajeni imejikunja tu na kubana nyama, unatafuna mpira. Mwache moto mdogo, saa nzima au zaidi, ile kamba ya nyuzi tatu inaachana na kuwa jelatini; hapo pweza analainika na supu inanata mdomoni. Makongoro vivyo hivyo. Wanaoweka papai bichi wana njia nyingine: utomvu wake una papaini, protini inayokata protini. Pakaza nusu saa kabla ya kupika, inatosha. Ukilaza usiku kucha utaamka na uji wa nyama. Na ukilitupa papai kwenye maji yanayotokota umepoteza papai lako, maana papaini nayo ina umbo, na moto hauchagui.

Kolajeni haisokoteki bila vitamini C. Januari 1499 merikebu za Vasco da Gama zilifika Malindi zikitokea Bara Hindi, baada ya karibu miezi mitatu baharini bila tunda. Fizi zimevimba mpaka zimefunika meno, miili imevimba, na watu kama 30 walikuwa wamekufa njiani. Kiseyeye. Hawakukosa chakula cha kujenga mwili. Walikosa kile kinachofunga kamba. Wakaomba machungwa. Sisi tunaokaa na mabibo yanaoza chini ya mikorosho kila msimu, bibo lenye vitamini C kulizidi chungwa, tunawaona wajinga. Haya.

Keratini nitaisema kwa ajili ya dada zangu wa saluni. Nyuzi za nywele zimeshikwa na madaraja ya salfa. Dawa ya kulainisha nywele ni magadi makali yanayovunja madaraja hayo moja kwa moja. Nywele zinanyooka mpaka zitakapoota mpya. Lakini ngozi ya kichwa nayo ni protini. Dawa haiulizi wapi nywele zinaishia na wapi kichwa kinaanzia. Ikianza kuwasha, osha, usisubiri "ishike".

Kundi la pili ni protini za duara: zimejikunja kama kifundo, nyingi huyeyuka majini, na ndizo zenye kazi za kila namna. La tatu ni zile zinazokaa kwenye utando wa seli, milango na kengele za nyumba.

Kuna upangaji mwingine wa vitabuni: sahili, zenye asidi amino tupu, na ambatani, zilizobeba kitu kingine, kama himoglobini iliyobeba madini ya chuma au kaseini ya maziwa iliyobeba fosfeti. Pia zinapangwa kwa kuyeyuka: albumini majini, globulini kwenye maji ya chumvi, prolamini kwenye alkoholi, glutelini kwenye asidi au magadi. Kidato cha sita watahojiwa. Sisi tupite.

Upangaji unaonipendeza ni wa kazi. Kuna wabebaji. Himoglobini inabeba oksijeni kwenye damu, mayoglobini inaitunza kwenye misuli. Mmewahi kujiuliza kwa nini jodari ni mwekundu na changu mweupe, wote wa bahari moja? Jodari haogelei kwa kupumzika. Anakwenda usiku na mchana, misuli yake imejaa mayoglobini. Changu anazubaa kwenye miamba, anakurupuka akitishwa. Hahitaji akiba.

Kuna walinzi, kingamwili, zenye umbo kama manati. Dawa ya sumu ya nyoka ni hizo: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kingamwili, kisha zinavunwa na kusafishwa. Kila kingamwili inashika umbo lake tu, kwa hiyo ya kifutu haimshiki nyoka asiyehusika. Wakati wa kuokota korosho, kifutu analala chini ya majani makavu. Aliyeumwa atulizwe, mguu ufungwe ubao usichezechezwe, apelekwe hospitali. Msichanje, msikaze kamba mpaka mguu ufe, na msipoteze nusu saa kumfukuza nyoka.

Kuna wajumbe, homoni. Januari 1922, mjini Toronto, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakwisha kwa kisukari alidungwa insulini. Ile ya kwanza haikuwa safi, haikumfaa. Wakaisafisha, siku 12 baadaye wakamdunga tena, sukari ikashuka. Kabla ya hapo kisukari cha namna ile kilikuwa hukumu. Watu wananiuliza mpaka leo: mbona hawatengenezi ya vidonge, sindano zinachosha? Kwa sababu insulini ni protini, na tumbo halijui kutofautisha insulini na kipande cha samaki. Linaikata vipande vipande. Na kwa joto letu, tunzeni: chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Usiibandike kwenye barafu. Iliyoganda, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kabisa, tupa. Umbo limeharibika na jicho halioni. Iliyofunguliwa, kwa kawaida siku 28 mahali penye ubaridi. Asiye na friji atumie mtungi wa udongo uwekwe ndani ya mchanga uliolowa, kivulini, si juu ya kabati chini ya bati.

Mbebaji mmoja nataka tumtazame kwa karibu: albumini ya damu. Ini ndilo linaloitengeneza. Pamoja na kubeba vitu, inayashika maji yabaki ndani ya mishipa. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi peke yake: miguu imevimba, ngozi inabanduka, nywele zimebadilika rangi. Baadaye akauita kwa jina la wenyeji, la lugha ya Ga, kwashiakoo, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwenye ziwa kwa sababu mwingine amekuja. Sasa niambieni, mama zangu, sisi tunasemaje? "Mtoto amebemendwa." Si ndiyo? Wazee wa Ghana na wazee wa pwani, bila kuonana, waliona jambo lile lile: mimba mpya imekuja, mkubwa ameanza kuvimba. Waliona sawasawa. Tulichokosea ni kumtafuta mkosaji kitandani, wakati yuko kwenye bakuli la uji.

Albumini ikipungua, maji yanatoroka. Protini si sababu peke yake. Maambukizi na upungufu wa madini vimo. Kupima hakuhitaji mashine: bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki miguu yote, kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na hapa familia zenye mapenzi hukosea vibaya: kumrundikia mayai na nyama siku ya kwanza. Ini na figo zake haziwezi. Hospitalini huanza na maziwa maalumu yenye protini kidogo sana, gramu 0.9 kwa mililita 100, siku chache, ndipo wanapandisha.

Jikoni sasa. Mtu mzima anahitaji takriban gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 ni gramu 50. Kilo nzima ya muhogo mbichi haikufikishi gramu 20. Ming'oko, vile viazi vya porini, nayo ni ya kushibia, tusiipe sifa isiyo yake. Lakini gramu 100 za mbaazi kavu zina kama 21, korosho kama 18, ufuta kama 18, dagaa wakavu zaidi ya 50, yai moja 6. Nimesikia mtu kanong'ona "samaki nchanga". Naam, naye yumo, panya wa shamba aliyeiva vizuri ni protini kamili kama mbuzi, wa mikoa mingine wanaocheka wacheke.

Mnakumbuka lisini na methionini? Mbaazi ina lisini nyingi, methionini kidogo. Mahindi, mtama na ufuta ni kinyume chake. Mwili ukijenga protini na herufi moja ikaisha, unasimama hapo hapo, kama fundi aliyeishiwa misumari na mbao zimejaa. Ndiyo maana ugali wa mtama kwa mbaazi, na kijiko cha ufuta uliotwangwa juu yake, si chakula cha kimaskini. Si lazima viwe sahani moja. Siku moja inatosha. Na wenye uji lishe wa soya: soya mbichi ina protini ambayo kazi yake ni kukizuia kimeng'enya cha tumbo, yaani protini inayokata chakula. Chemsha punje nusu saa, anika, ndipo usage. Ukisaga mbichi, unamlisha mtoto kwa mkono huu na kumfunga tumbo kwa mkono huu.

Nimetaja vimeng'enya. Hawa ndio wafanyakazi hasa, na wametufikisha kwenye mkeka.

Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, kinachobeba sianidi. Ndani ya muhogo huo huo kuna kimeng'enya, linamarasi, cha kukivunja. Wawili hawa wanakaa vyumba tofauti vya seli. Ukitwanga au ukirowanisha, kuta zinabomoka, wanakutana, linamarini inavunjika, na sianidi inaruka hewani. Makopa manene yaliyoanikwa haraka yamekauka kabla hawajakutana. Sumu imo, kimeng'enya kimo, maji hayapo.

"Si tutapika?" Hapo ndipo penye mtego. Linamarini inavumilia moto. Kimeng'enya hakivumilii. Ukiutia unga kwenye maji yanayotokota, umemuua aliyetaka kukusaidia na umemwacha adui mzima. Ni lile yai la asubuhi.

Kiasi kidogo kikiingia, mwili una mlinzi mwingine, kimeng'enya rodanesi, kinachoigeuza sianidi kuwa thiosianati ikatoka kwa mkojo. Lakini kinahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye methionini na sisteini. Kwa hiyo anayekula muhogo mchungu siku nenda rudi bila mbaazi wala dagaa ana sumu nyingi na silaha kidogo. Hapo ndipo inapokuja konzo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi. Inawachagua watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma, mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, ukame uliwafanya watu wale muhogo kabla haujasubiriwa. Waliopatwa walizidi 1,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaonekana kusini mwa Tanzania, Mtwara hii yetu ikiwemo.

Walichokifanya akina mama saa tatu na nusu ni hiki. Unga mkavu bakulini, weka alama ulipofika. Mimina maji huku unakoroga. Kwanza unga unashuka, halafu unapanda, ukirudi kwenye alama acha. Tandaza mkekani, unene usizidi sentimita moja. Juani kwa muda wa saa mbili, kivulini kwa muda wa saa tano. Maji yamerudi, kimeng'enya kilichokuwa kimelala kimeamka, sianidi inaondoka. Ukitandaza mnene, ya chini haitoki. Na unga huu haurudishwi kwenye gunia, utaota ukungu. Unapikwa leo leo.

Saa yangu inasema saa tano na robo. Bado robo saa. Mbaazi za nazi zimeiva tangu asubuhi, na sufuria la maji naomba mtu alibandike sasa hivi, likitokota unga utakuwa tayari.